Utitiri wa varoa: Mfugaji nyuki apime mzinga kabla ya kukimbilia dawa

MAPEMA mwaka 2009, watafiti waliokuwa wakikagua mizinga ya nyuki nchini Kenya na Tanzania walimpata mdudu ambaye hakuwa ameripotiwa awali katika nchi hizi mbili. Mdudu huyo ni utitiri wa varoa. Ukaguzi mpana uliofanywa mwaka uliofuata katika maeneo 24 ya Kenya ulibaini kuwa tayari alikuwa ameenea takriban kila mahali, kuanzia Pwani hadi nyanda za juu. Ni sehemu tatu pekee, za mbali kaskazini mwa nchi, zilizopatikana bila yeye.

Habari hizo ziliwatia wengi hofu, na si bure. Marekani ilimgundua varoa mwaka 1987, Uingereza mwaka 1992 na New Zealand mwaka 2000, na kote huko alikopita aliacha mizinga mitupu. Australia, iliyojivunia kwa miaka mingi kuwa huru kutokana naye, ilimpata mnamo Juni 2022 karibu na bandari ya Newcastle. Maelfu ya mizinga yaliangamizwa ili kumzuia, lakini Septemba 2023 serikali ya nchi hiyo ilikiri kwamba vita vya kummaliza kabisa vimeshindikana.

Kenya, hata hivyo, msiba uliotarajiwa haukutokea. Watafiti waliofanya ukaguzi huo, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2014, walieleza kuwa varoa hakuonekana kuwadhoofisha nyuki wa humu nchini wakati huo, ingawa alikuwa katika mizinga mingi. Kwa hivyo, swali linalomkabili mfugaji wa Kitui, Baringo au Murang'a si dawa gani anunue. Swali ni iwapo anahitaji dawa hata kidogo.

Mdudu mwenyewe

Jina la kisayansi la utitiri huu ni Varroa destructor. Hadi mwaka 2000 wataalamu walimchanganya na jamaa yake, Varroa jacobsoni, aliyeelezwa mara ya kwanza mwaka 1904 kutokana na wadudu waliopatikana kisiwani Java. Makao yake ya asili ni nyuki wa bara Asia, Apis cerana, ambaye ameishi naye kwa muda mrefu bila kuangamia. Balaa ilianza pale alipohamia kwa nyuki anayefugwa kwingi ulimwenguni, Apis mellifera, ambaye hakuwa amemzoea.

Kwa umbo, varoa wa kike ni mwekundu wa kahawia, bapa, na upana wake unazidi urefu wake: upana kama milimita 1.6 na urefu milimita 1.1 hivi. Anaonekana kwa macho bila miwani ya kukuzia, mithili ya kaa mdogo aliyejibandika mwilini mwa nyuki. Ana miguu minane, kwani ni wa ukoo wa kupe na buibui.

Wafugaji wengi humchanganya na chawa wa nyuki, kidudu kingine chekundu ambacho hupenda kumpanda malkia kichwani au mgongoni. Huyo wa pili ni aina ya nzi asiye na mabawa, ana miguu sita, na madhara yake ni madogo. Kuna mfugaji aliyekwisha kumwaga sumu mzingani kwa sababu ya chawa huyo, na hiyo ni hasara ambayo ingeepukwa kwa kuhesabu miguu tu.

Uzazi wa varoa hufanyika gizani, ndani ya vijumba vya sega vyenye mabuu. Mama huingia kijumbani muda mfupi kabla ya nyuki wafanyakazi kukiziba kwa nta. Siku tatu hivi baada ya kuzibwa, hutaga yai la kwanza, ambalo huwa la dume. Baadaye hutaga mayai ya kike, moja baada ya jingine, kwa vipindi vya takriban saa 30. Dume hupandana na dada zake humo humo. Nyuki mchanga anapotoboa nta na kutoka, mama na mabinti waliokomaa hutoka naye, ilhali dume na wale ambao hawajakomaa hufa.

Kutokana na mpangilio huo, kila saa ambayo kijumba kinakaa kimezibwa ni faida kwa varoa. Ndiyo maana hupenda zaidi mabuu ya madume, ambayo hukaa yamezibwa kwa siku nyingi kuliko ya wafanyakazi. Mwenye kutaka kumtafuta mdudu huyu na aanze hapo: afungue vijumba vya madume vilivyozibwa, avute mabuu meupe kwa ncha ya kisu au uma, aangalie kama kuna madoa ya kahawia yanayotembea.

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba varoa hunyonya damu ya nyuki. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2019 ulionyesha kuwa chakula chake kikubwa ni tishu ya mafuta, ile ambayo kwa nyuki hufanya kazi inayofanana na ya ini kwa binadamu. Nyuki aliyeshambuliwa akiwa buu huzaliwa mwepesi na huishi siku chache. Lakini kibaya zaidi ni virusi ambavyo varoa huvisambaza, hasa vile vinavyolemaza mabawa. Mfugaji anapoona nyuki wachanga wakitambaa mbele ya mzinga, mabawa yao yamejikunja kama karatasi iliyoungua, ajue kwamba wadudu wameshazidi.

Kwa nini nyuki wa hapa wanahimili

Jibu halijakamilika, lakini sehemu yake kubwa inajulikana. Watafiti walilinganisha nyuki wa nyika nchini Kenya, Apis mellifera scutellata, na nyuki wenye asili ya Ulaya wanaofugwa katika jimbo la Florida, Marekani. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha umuhimu wa tabia ya kujisafisha: nyuki wa Kenya humkamata varoa, humng'ata, humkata miguu na kumwangusha sakafuni mwa mzinga. Isitoshe, nyuki wa Kiafrika hukua upesi kidogo kuliko wa Ulaya, jambo linalompunguzia varoa muda wa kukomaza mabinti.

Kuna sababu nyingine ambayo wafugaji huitaja kila siku, ila kama lalamiko. Nyuki wa Kiafrika ni mwepesi kugawanya kundi na mwepesi kuhama. Mfugaji wa Makueni aliyekuta mzinga wake mtupu mwezi mmoja kabla ya kurina hawezi kuiona tabia hiyo kuwa neema. Lakini kundi linalohama huacha nyuma sega zote zenye mabuu, na pamoja nazo wadudu wote waliokuwa wakizaliana humo. Huko linakokwenda huanza upya, na kwa majuma kadhaa varoa hana kijumba cha kutagia. Kile kinachomtia mfugaji hasara ya asali ndicho pia kinachomlinda nyuki.

Afrika Kusini inatoa mfano wa wazi. Varoa aligunduliwa huko mwaka 1997 katika Rasi ya Magharibi, akaenea kwa kasi na kuua makundi kadhaa mwanzoni. Wafugaji wengi hawakutumia dawa, na sehemu kubwa ya nyuki, wale wa porini, haikuweza kutibiwa kwa vyovyote vile. Makundi dhaifu yakafa, yenye nguvu yakazaana. Baada ya miaka michache, nyuki wa Rasi walikuwa wamemzoea adui yao, na wale wa nyika wakafuata. Huko Brazili pia, nyuki waliochanganyika na damu ya Afrika wameishi na varoa kwa miongo mingi bila kutibiwa.

Lakini haifai kudhani kwamba kila nyuki aliyezaliwa Afrika ana kinga. Kisiwani Madagaska, varoa aliripotiwa mara ya kwanza mwaka 2010, na nyuki wa kisiwa hicho, ambao ni wa aina ya peke yao, waliathirika vibaya. Wafugaji wengi walipoteza makundi. Humu Kenya kwenyewe, ukaguzi wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba idadi ya varoa huongezeka kadiri mtu anavyopanda milimani. Mfugaji wa nyanda za juu, basi, ana sababu ya kuwa macho kuliko yule wa ukame wa Kitui.

Kupima

Kumwona varoa mmoja mzingani si ugonjwa. Kinachohitajika ni hesabu, na njia nafuu kuliko zote ni ile ya sukari laini, ile ya unga inayopambia keki.

Mfugaji huchukua mtungi wa kioo wenye mdomo mpana na kuufunika kwa wavu wa waya wenye matundu ya milimita tatu hivi, yanayompitisha varoa lakini si nyuki. Kutoka kwenye sega lenye mabuu, na baada ya kuhakikisha kwamba malkia hayupo hapo, huangusha mtungini nyuki wapatao 300, yaani nusu kikombe. Huongeza vijiko viwili vikubwa vya sukari, huuviringisha mtungi kwa dakika moja hadi nyuki wote wawe weupe, kisha huuacha utulie dakika mbili au tatu. Sukari huwafanya varoa wateleze. Baadaye hugeuza mtungi juu ya sinia jeupe lenye maji kidogo na kuutikisa kwa nguvu. Sukari huyeyuka, varoa hubaki wakielea, nao huhesabika. Nyuki hurudishwa mzingani wakiwa hai, wamechafuka na wamekasirika; kwa hivyo kazi hii ifanywe jioni, kwa mavazi kamili na moshi wa kutosha.

Varoa tisa katika nyuki 300 ni sawa na asilimia tatu. Katika nchi nyingi za baridi, hicho ndicho kiwango ambacho mfugaji huanza kutibu. Kwa nyuki wa hapa, asilimia tatu ni dokezo la kumfanya mtu apime tena baada ya mwezi mmoja, wala si amri ya kununua dawa. Kundi lenye nguvu, mabuu yaliyojaa sega bila mapengo na nyuki wenye mabawa timamu laweza kuachwa lijipiganie. Kundi ambalo hesabu yake inapanda kila mwezi huku likipungua ndilo la kushughulikiwa.

Inafaa pia kuuliza kama varoa ndiye mwenye hatia. Mizinga mingi humu nchini huachwa mitupu kwa sababu ya siafu, nyegere, nondo wa nta, ukosefu wa maji, au urinaji wa pupa usiowaachia nyuki hata sega moja la akiba. Dawa ya varoa haitibu lolote kati ya hayo.

Njia zisizo na dawa

Ya kwanza ni kukata sega za madume. Kwa kuwa varoa hupenda kuzaliana humo, sega hizo hugeuka mtego. Katika mzinga wa Kenya wa viunzi vya juu, kazi hii ni rahisi: mfugaji hukata kipande chenye vijumba vya madume vilivyozibwa na kukichoma, au kuwapa kuku. Sharti ni moja tu, kwamba afanye hivyo kabla madume hawajatoka, kwani huchukua siku 24 tangu yai kutagwa. Akichelewa, atakuwa amewalea varoa kwa mkono wake mwenyewe.

Ya pili ni kugawanya kundi. Sehemu inayobaki bila malkia hulazimika kulea mwingine, na kabla malkia huyo mpya hajaanza kutaga, mabuu yote ya zamani huwa yamekwisha kutoka. Kwa siku kadhaa varoa wote huwa nje, juu ya miili ya nyuki, mahali ambapo meno ya nyuki yanawafikia. Anayefuga kwa mizinga ya magogo hawezi kuyafanya haya kwa urahisi, ila nyuki wake humfanyia wenyewe wanapogawanyika.

Ya tatu, ambayo matunda yake huchelewa, ni kuchagua. Mfugaji anayepanua mizinga yake na azalishe kutoka kwa makundi yenye varoa wachache na yasiyohamahama ovyo, asichukue lolote lililo karibu. Na asishawishike kuagiza malkia kutoka Ulaya kwa sababu tu ya upole wao. Kuingiza damu isiyomjua varoa ni kubomoa ukuta uliojengwa kwa gharama ya makundi yaliyokufa.

Dawa na masharti yake

Ikiwa imelazimu kutibu, kuna makundi mawili ya dawa. La kwanza ni la kemikali za viwandani: fluvalineti, flumethrini, kumafosi na amitrazi. Nyingi huuzwa zikiwa zimepakwa kwenye vipande vya plastiki ambavyo huning'inizwa katikati ya sega zenye mabuu kwa majuma sita hadi manane, halafu huondolewa. Kuondoa ni muhimu kama kuweka. Kipande kinachoachwa humo kwa miezi hutoa sumu kidogo kidogo, isiyotosha kuua, na hivyo humfundisha varoa kuizoea.

Hayo si ya kubuni. Nchini Italia, fluvalineti ilianza kushindwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Marekani ikafuata kabla ya muongo huo kwisha. Amitrazi ikashika nafasi yake. Kati ya katikati ya mwaka 2024 na mwanzo wa mwaka 2025, wafugaji wakubwa wa Marekani walipoteza wastani wa zaidi ya nusu ya mizinga yao. Wanasayansi wa serikali walipowapima varoa kutoka kwa makundi yaliyokufa, walikuta wamebeba alama za kuihimili amitrazi, pamoja na virusi vingi.

Amitrazi ni jina ambalo wafugaji wa ng'ombe nchini Kenya wanalijua, kwa kuwa ni mojawapo ya dawa za kuogeshea mifugo dhidi ya kupe. Imo katika maboma mengi, na bei yake ni nafuu. Hapo ndipo hatari ilipo. Mtu mwenye chupa ya dawa ya kupe na aliyesikia kwamba varoa ni jamaa ya kupe huona jambo jepesi: achovye kitambaa na kukitia mzingani. Dawa ile imetengenezwa kwa ngozi ya ng'ombe, ikachanganywa na viyeyushi visivyostahili kukaribia chakula, na kipimo chake kwa nyuki hakimo katika maelezo ya chupa. Huua nyuki, huchafua nta, na mabaki yake huingia katika asali. Soko la Muungano wa Ulaya hudai kila nchi inayoliuzia asali iwe na mpango wa kupima mabaki ya dawa, na chupa moja kwenye boma moja yaweza kuharibu jina la asali ya wilaya nzima.

Kundi la pili ni la dawa zenye asili ya viumbe: thaimoli, ambayo hupatikana katika mimea kama zaatari, pamoja na asidi ya fomiki na ile ya oksali. Thaimoli hufanya kazi kwa mvuke, hivyo hutegemea joto. Kukiwa na baridi haivukizwi, na joto likipita nyuzi 30 huwa kali mno. Asidi ya fomiki ina sifa ya pekee kwamba mvuke wake hupenya nta na kuwafikia varoa waliomo vijumbani, lakini joto likizidi nyuzi 29 yaweza kuua mabuu na hata malkia. Kwa nyuki wa Kiafrika kuna tatizo jingine: harufu kali ni sababu tosha ya kuhama. Mfugaji anaweza kutibu jioni na asubuhi akakuta ameutibu mzinga usio na mtu.

Asidi ya oksali haina harufu hiyo. Kipimo kinachotumika sana ni gramu 35 za chembechembe zake katika lita moja ya sharubati iliyotengenezwa kwa sukari na maji kwa kiasi sawa. Mililita tano hudondoshwa katika kila nafasi kati ya sega mbili yenye nyuki, na jumla isizidi mililita 50 kwa kundi. Udhaifu wake ni kwamba haipenyi nta. Ulaya hutumiwa wakati wa baridi kali, malkia akiwa ameacha kutaga. Kenya hakuna msimu kama huo. Sehemu nyingi mabuu huwepo mwaka mzima, na kwa hiyo dawa humkuta varoa mmoja huku wenzake wengi wakiwa wamejificha. Anayetaka kuitumia vyema aisubiri ile nafasi baada ya kugawanya kundi, au akamate kundi lililohamia mzinga mpya kabla halijaziba vijumba. Avae glavu na miwani, kwani huunguza ngozi na macho.

Dawa ya aina yoyote isitiwe mzingani wakati wa maua ya asali, na isipakwe kwenye sega zitakazorinwa. Iwe ni bidhaa iliyosajiliwa kwa matumizi ya nyuki; afisa wa mifugo wa eneo ndiye wa kuulizwa kabla ya duka la dawa. Makundi ya shamba moja yatibiwe siku moja, vinginevyo nyuki wanaoibiana asali watawarudisha varoa juma hilo hilo. Baada ya mwezi, mtungi wa sukari utumike tena. Idadi ikiwa haijashuka, dawa hiyo isirudiwe.

Asiye na hakika na alichokiona anaweza kuwatia wadudu kumi hivi, pamoja na nyuki wachache waliokufa, katika kichupa chenye spiriti, aandike tarehe na mahali, na kuwapeleka kwa afisa wa mifugo. Nairobi kuna kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, ambacho tangu mwaka 2014 kina maabara inayoshughulikia afya ya nyuki wa Afrika, na pia kituo cha kitaifa cha ufugaji nyuki kilichoko Lenana.